Hema Hili Haling'oki

Jumamosi, 3 Mei

Harusi. Mahema matatu, viti mia mbili, spika nne — na mtoto mmoja mgongoni. Nilimfunga mbeleko tangu tunapakia viti kwenye pikapu mpaka kamba ya mwisho inakazwa, na hakulia. Anapenda kutazama watu wakihangaika. Ndiyo maana Dereva alimpa jina la Meneja: kazi hafanyi, anasimamia tu, na kitu kisipompendeza anafoka.

Wanawake wa jikoni wakanizunguka. Swali ni lilelile kila shughuli: mama yake yuko wapi? Zamani nilikuwa naeleza vizuri. Yuko masomoni, anasomea ukunga, huko ni mbali hata basi linalala njiani, amebakiza miezi mitano, tulikubaliana wote wawili. Leo nimechoka kueleza. Nikasema mama yake yuko kazini, na baba yake ndiye huyu mnayemwona, naye yuko kazini. Mmoja akasema maskini, baba wa watu! Maskini nani? Mtu mwenye mahema matatu?

Wakasema pia mbeleko nimeifunga chini mno. Wakanifungua, wakanifunga upya. Hapo nakubali, ilikaa vizuri zaidi.

Mchana alipolala nikamlaza palepale pa siku zote, ndani ya boksi la spika kubwa. Spika ikishatolewa boksi linabaki tupu, lina sponji pande zote, na kifuniko nilishakitoa kabisa. Naliweka mbali na muziki, kwenye kivuli cha pikapu, mahali ninapoliona. Kitanda kizuri kama kile hata mimi sina. Mshereheshaji alimpiga picha akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka.

Jumapili, 4 Mei

Hakuna kazi leo. Nimemtoa Meneja bustanini.

Mlinzi akasema bembea ni za watoto kuanzia miaka mitatu, huyu hajafika. Sawa. Nikakaa mimi kwenye bembea, nikampakata. Mlinzi akauliza na wewe una mingapi? Nikamwambia mitatu nimeshaivuka, sheria yako nimeitii. Minyororo ililia lakini haikukatika. Mlinzi mwenyewe mwishowe akatusukuma.

Kwenye bwawa kuna bata. Nilimpa kipande cha mkate awarushie. Mkate akala yeye, bata akawarushia kiatu. Kimezama. Tumerudi nyumbani na kiatu kimoja na furaha tele.

Mke wangu alipiga jioni, nikamsimulia, akacheka mpaka wenzake wa bwenini wakamuuliza kuna nini. Kisha akataka nimwekee simu karibu na pua ya mtoto amsikie akipumua. Nampenda mke wangu. Namkumbuka.

Jumanne, 6 Mei

Picha imetembea! Mshereheshaji aliirusha mtandaoni, akaandika: Huyu muziki umemshinda. Simu hadi simu, ikamfikia shemeji, dada mkubwa wa mke wangu. Na ikimfikia shemeji imefika kwa mama mkwe, wanakaa nyumba moja.

Mama mkwe amenipigia kabla sijanywa chai. Hakuitikia hata shikamoo. Akauliza mjukuu wangu analazwa kwenye boksi kama kiatu cha dukani? Nikasema mama, boksi lenyewe ni safi, tena lina sponji. Kosa kubwa. Neno sponji lilimuumiza kuliko boksi. Akasema mwanamume hafundishwi kulea, ni kama kumfundisha paka kuogelea. Akasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nikamjibu ndiyo mama, na mzazi ndiye mimi unayezungumza naye.

Simu ikakatika. Sijui ni mtandao au ni yeye.

Si mtu mbaya, niandike hilo. Alilea watoto watano peke yake, na mmoja wao ndiye mke wangu, kwa hiyo kazi yake naijua. Lakini anadhani ulezi ni wake kama kile kiti chake cha sebuleni, ambacho wageni wote wanajua hawakikalii.

Sponji nimeifua kwa sabuni na kuianika. Nimenunua shuka ndogo ya kulitandika boksi. Litaendelea kuwa kitanda.

Alhamisi, 8 Mei

Jino la nne limetoka. Amelijaribu kwenye bega langu.

Jumamosi, 10 Mei

Mahafali ya shule. Sitaki kuandika lakini naandika.

Meneja alikuwa kwenye mkeka karibu nami, mimi napanga safu za mbele. Nilimpa mgongo kidogo tu. Nilipogeuka anatafuna, na hakuna nilichompa. Nikamfungua mdomo. Kizibo cha soda! Kilikuwa kimeshafika nyuma ya ulimi. Nikakitoa kwa kidole, akanipigia kelele kwa kumnyang'anya mali yake.

Dereva aliona. Akasema tajiri, hata kwa mama mzazi hutokea. Najua hutokea. Hata hivyo nilimpakata, nikakaa kwenye kiti cha mgeni rasmi. Kuanzia leo fagio linatangulia, mkeka unafuata.

Mama mkwe simwambii. Ng'o! Ila mke wangu nimemwambia, hatujawahi kufichana. Akasema sawa, asante kwa kuniambia, kwa sauti ya mtu anayemshukuru karani.

Jumatano, 14 Mei

Nina hasira, lakini ngoja niandike kwa mpangilio.

Jana shemeji alinipigia, sauti ya asali. Jumapili ya tarehe 25 mlete mtoto kwa bibi yake tumkatie keki, atakuwa ametimiza mwaka, mvalishe apendeze. Nikafurahi! Nikasema moyoni kumbe picha imeshasahaulika.

Leo Dereva kaja na oda. Simu ya kazi anashika yeye, kwa sababu anajua kuongea na wateja bila kugombana nao. Hema moja, viti hamsini, spika moja ndogo. Lini? Jumapili, tarehe 25. Wapi? Nyuma ya shule ya msingi, nyumba yenye geti la bluu na tangi la maji juu ya paa.

Geti lile nalijua. Nilisimama nje yake na wazee wangu siku niliyokwenda kuposa, jua likatupiga mpaka tukakaribia kuiva ndipo likafunguliwa.

Nikauliza sherehe ya nini. Dereva akasema ni mtoto ametimiza mwaka, na siku hiyohiyo anahamia rasmi kwa bibi yake. Dada aliyepiga simu alisisitiza spika iwe ndogo, eti mtoto mwenyewe amezoeshwa makelele huko alikokuwa, wanataka aanze kutulia.

Dereva alipomaliza akamtazama Meneja, Meneja akamtazama Dereva. Ndipo Dereva akaelewa alichokuwa anakisema. Akasema tajiri, nisamehe.

Hakuna wa kusamehewa. Shemeji aliokota kadi yetu kwenye harusi ya mtu. Kadi imeandikwa MAHEMA NA VITI, na namba ya Dereva, basi. Hakujua. Yaani wamemwita fundi aje ajenge hema la kuagia mwanawe, na fundi mwenyewe ni mimi. Watu wote wa mji huu wangeweza kuwapelekea viti!

Dereva akauliza niwaambie tumejaa? Nikamwambia waambie tunakuja. Nitalijenga mimi mwenyewe, na kamba nitazikaza kwa mikono yangu.

Alhamisi, 15 Mei

Mke wangu alijua.

Siyo yote, anasema. Mama yake alimwomba, yeye akajibu tutaona. Kwa mama yule, tutaona maana yake ndiyo, chukua. Nikamuuliza ni kwa sababu ya kizibo? Akasema siyo kizibo tu. Akasema nikiwa huku kila usiku naota mtoto ameanguka kutoka kwenye pikapu. Nikijua yuko kwa mama nitalala. Ni miezi mitano tu, mume wangu, kisha narudi, tunamchukua.

Nikasema na mimi miezi hiyo mitano ninalala na nani, na viti? Anaanza kutembea mwezi huu au ujao. Anaanza kusema. Mwaka mzima nimemwogesha, nimemlisha, nimemfuta kila kitu kinachofutwa, halafu neno lake la kwanza alisikie shemeji? Nikasema pia kitu kingine. Nikasema huyu hukumzaa na mama yako. Hapo akalia.

Namwonea huruma na nimemkasirikia, vyote kwa mpigo. Nilimwambia jambo moja tu: ukitaka nimtoe, uniambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako, mpe mama. Nitakusikia. Siyo kwa shemeji, siyo kwa kadi ya mahema.

Hakusema mpe. Hakusema usimpe. Alisema ana zamu.

Jumatatu, 19 Mei

Kliniki ya watoto. Benchi refu, akina mama watupu, na mimi. Muuguzi akatoa kichwa mlangoni akaita: mama mtoto, ingia! Nikaingia.

Alimning'iniza Meneja kwenye mizani, Meneja akaishika kamba kama anaikagua. Uzito mzuri. Muuguzi akauliza anamlisha nani? Nikamwambia mimi. Akauliza anamwogesha nani? Mimi. Akanitazama juu mpaka chini, akasema basi endelea hivyohivyo, na mwakani usichelewe chanjo.

Endelea hivyohivyo! Nilitamani nimwombe akaseme hayo kule kwenye geti la bluu. Njiani nilikuwa natembea na kifua mbele, mpaka nikagundua Meneja amenikojolea mgongo wote.

Ijumaa, 23 Mei

Leo ndiyo siku yenyewe. Mwaka mmoja! Jumapili ni yao, leo ni yetu.

Nimemjengea hema. Kamili, siyo nusu — nguzo sita, mapazia, riboni. Uwanja wa stoo ni mdogo, kamba mbili nimezifunga kwenye pikapu. Viti ishirini kwa safu, wageni watatu: Dereva, jirani yangu fundi cherehani anayenishikia mtoto siku za mvua, na mkewe. Meneja mbele kabisa kama mgeni rasmi, ndani ya gauni alilomshonea fundi kwa vitambaa vilivyobaki kwa wateja. Mkono mmoja wa maua, mwingine wa mistari. Amependeza kupita maharusi wote wa mwaka huu.

Dereva alitoa hotuba kwenye maikrofoni. Alisema Meneja ni kiongozi asiyependelea, anawafokea wote sawa. Meneja aliingiza mkono mzima kwenye keki mpaka kiwikoni, kisha akanipaka mimi. Tulicheza. Fundi cherehani ana goti bovu na alicheza.

Mke wangu alipiga kwa video. Tulikuwa hatujaongea vizuri tangu siku ile. Alimwimbia mtoto taratibu, mtoto akaibusu simu, yaani akailamba. Nikageuza simu, nikamwonyesha hema lote na viti vyote vitupu. Akasema kumbe umemjengea. Nikasema nijengee nani mwingine? Akafuta macho. Jumapili ana zamu ya mchana na ya usiku, mfululizo, simu inabaki kabatini. Nikamuuliza umeamua? Akasema, usinibane leo. Sikumbana. Leo ilikuwa siku nzuri, na nilikataa iharibike.

Jumapili, 25 Mei

Naandika nikiwa chini ya hema. Jua linazama. Niko uani kwa mama mkwe na sijaondoka.

Asubuhi tuligonga geti. Mama mkwe alifungua mwenyewe. Akaniona mimi, akaona pikapu, akaona Meneja mgongoni ameshika riboni. Akasema: wewe? Nikasema ndiyo, mama, shikamoo, hema moja na viti hamsini. Akashika kiuno. Akageuka kumtafuta shemeji kwa macho, shemeji akakimbilia jikoni. Nilimwona mama akitaka kucheka akajizuia. Kisha akasema basi lijenge vizuri, sitaki linianguke mbele ya watu. Nililijenga. Hema kama lile sijapata kulijenga. Hata nguzo nilizifuta vumbi.

Sherehe yenyewe ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Majirani wengi, watoto wengi. Meneja alipita mkono kwa mkono kama sahani ya keki, anacheka na kila mtu. Mama mkwe alimshonea gauni jeupe na kumfumia soksi. Alimbeba akazunguka naye viti vyote hamsini, anamtambulisha. Nilimwona uso wake. Anampenda. Angekuwa hampendi ningejua la kufanya zamani.

Baada ya keki shemeji akashika maikrofoni. Maikrofoni yangu! Akasema asanteni, na kuanzia leo mtoto wetu atakuwa anakaa hapa, kwenye malezi. Watu wakapiga makofi. Kwenye malezi! Alikokuwa alikuwa kwenye nini?

Nikamwendea, nikamwomba maikrofoni kwa adabu. Fundi wa spika akiomba maikrofoni unampa, unadhani ina hitilafu. Nikasema: wageni wetu, mimi ndiye baba wa mtoto. Asanteni kwa kuja. Mtoto analala kwao leo, kwa baba yake. Mama yake akisema vingine, nitamsikia mama yake. Endeleeni kula. Nikazima spika.

Mtu mmoja alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Mama mkwe amekula chumvi nyingi, hagombani mbele ya wageni. Alingoja. Meneja aliposinzia begani kwake akaingia naye chumbani, akatoka mikono mitupu, akafunga mlango, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Wageni walipokwisha akaniambia polepole: usimwamshe. Kusanya vitu vyako, nenda kapumzike, umechoka. Utakuja kumwona Jumamosi.

Mlango ule ni wa mbao laini, ningeusukuma kwa bega. Lakini mtoto aamke aone nini — baba na bibi wanavutana shati? Nikasema mama, mimi hema sing'oi bila mwanangu. Akasema basi kaa nalo. Nikasema ndiyo, nakaa nalo.

Dereva amerudisha spika stoo. Alinikumbusha kwamba hema hili Jumanne lina kazi. Nikamwambia kazi hiyo awape wenzetu. Hema hili haling'oki.

Simu ya mke wangu inaita tu. Iko kabatini. Kwa dirisha nimemwona Meneja, amelala katikati ya kitanda kikubwa, mito pande zote, mikono juu. Anapumua vizuri. Nimeunganisha viti vinne. Sijali mbu, waje na ndugu zao.

Jumatatu, 26 Mei

Viti vinne siyo kitanda. Shingo imepinda kulia. Shemeji alitoka kwenda kazini, akapita kama mimi ni nguzo ya saba. Nikamwambia kazi njema, dada.

Baadaye mlango wa jikoni ukafunguka. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda anamlisha Meneja uji. Meneja akaniona. Akapiga ukelele wa furaha, akaruka kwa makalio, uji ukaruka naye. Mama akanitazama, akamtazama mtoto, akajifuta uji, akasimama, akaingia naye ndani. Mlango hakuubamiza. Aliurudisha taratibu, na iliniuma zaidi.

Sasa ndipo yakaja maajabu.

Wakaingia wanawake watatu, kanga kichwani, kimya, macho chini. Wakachukua viti, wakakaa. Wakanipa pole. Nikapokea! Nilidhani habari zangu zimewafikia, nikasema asanteni, mama zangu, ni kuvumilia tu. Mmoja akanishika mkono. Akasema sote njia yetu ni moja. Nikasema ndiyo. Akauliza, alikuwa anaumwa nini?

Nikakaa wima. Akaendelea: maana jana tu tulimwona kwenye sherehe, mzima.

Kumbe! Hema la sherehe hushuka jioni. Likilala mpaka asubuhi, kuna maiti. Wamepita, wameona hema Jumatatu, wameona mwanamume uso umevimba amejikunja kwenye viti, wakajua mama mkwe amefariki. Miaka yote najenga mahema na sikuliwaza hilo.

Nikasema hapana, hapana, mama mzima, yumo ndani! Hawakunisikia vizuri maana wengine walikuwa wanaingia. Mwalimu mstaafu. Mwenye duka la kona, amefunga duka. Kisha watano kwa pamoja, mmoja ameshaanza kulia getini. Alilia kwa nguvu, na kilio kile kikamtoa mama mkwe mbio, mwiko mkononi, anauliza: kuna nini? Nani amekufa?

Aliyekuwa analia akapiga ukelele mwingine, wa mshtuko. Mwalimu mstaafu akasema sisi ndio tunakuuliza wewe.

Mama akanigeukia. Sijapata kutazamwa vile. Akasema kwa meno: ng'oa hema. Nikasema mama, siwezi, watu wamekaa.

Wallahi sikupanga. Lakini ningejua, ningepanga.

Mwenye duka akauliza sasa kama hakuna msiba hema ni la nini? Mama akautazama mwiko mkononi. Wote wakanitazama mimi. Sikumsaidia. Nimekaa hapa usiku kucha, jibu analijua.

Hapo simu yake ikalia ndani, akaingia. Dirisha lilikuwa wazi, na waombolezaji wote wakatega masikio bila aibu. Nilijua ni mke wangu, zamu yake imekwisha. Tulisikia upande mmoja: Ndiyo, nimeona ulipiga. Yuko uani. Hapana, hajatukana mtu. Kwenye viti. Usiku wote, ndiyo. Nilimpelekea shuka, akasema ana shati. Mbona unalia sasa? Kisha: hilo ungeniambia mapema. Mengine hatukuyasikia.

Hilo lipi? Yangu yote yamo kwenye hilo, na sijui ni lipi! Nilitaka kuingia nimpokonye simu. Nilikaa. Wale wanawake watatu walinikalisha kwa macho.

Akatoka, Meneja kiunoni. Uso umebadilika lakini siwezi kuusoma. Amechoka, hilo nimeona. Akasimama katikati ya hema langu, akasema: hakuna aliyekufa. Huyu ni baba wa mtoto. Amekataa kuondoka.

Watu wakasema aaa. Wala hawakuondoka. Nani ataondoka hapo? Walisogeza viti karibu. Mwalimu mstaafu akasema basi, tukae tuzungumze.

Na mama ni mama. Wageni kumi na zaidi uani, hawajapewa hata maji, shemeji yuko kazini, hakuna wa kumsaidia. Nilimwona akiwahesabu, nikamwona akiangalia jikoni, akamwangalia mtoto kiunoni. Huwezi kubeba sinia na mtoto. Akaja mpaka kwenye kiti changu. Akasema: shika, nikawawekee watu chai.

Akanipa Meneja. Vilevile tu, kama unavyompa mtu kikapu.

Naandika kwa mkono mmoja. Meneja anaivuta kalamu, mistari hii iliyopinda ni yake. Ananuka uji. Amenishika sikio na haliachii. Dereva amefika, pikapu iko nje inanguruma, ananipungia mkono: twende! Geti liko wazi kabisa. Hatua chache. Hata hema abaki nalo.

Siendi. Mwanangu simwibi. Atoke na chai yake, aseme mbele ya watu hawa mke wangu amesema nini, na kama ni mpe, nisikie. Na kama siyo mpe, aniambie nendeni, kwa mdomo wake, tutoke tunatembea. Ninaogopa. Niliandike hilo pia. Naogopa sana na siinuki.

Vikombe vinalia jikoni. Anakuja. Ametokeza mlangoni na sinia, ameangalia geti kwanza, haraka. Halafu kiti changu. Ameniona nipo. Ameliweka sinia chini. Hajampa mtu chai. Anavuta kiti, anakileta huku, anakaa, anasema wote wasikie: mama yake amesema mtoto akae na baba yake, kunyweni chai, kisha nendeni.